Gauni Lililopanda Mchana

Jirani wa ukuta wa pili, yule wanayemwita Redio, anadai ni yeye aliyeliona jambo lile kabla ya watu wote. Anasema alikuwa anaanika shuka, jua la utosi, akamwona fundi cherehani amesimama dirishani kwake, kichwa kimepita fremu ya juu.

"Nikamwambia, shoga, shuka kwenye kiti utavunjika. Akaniuliza, kiti gani?"

Redio kwa kutia chumvi hajambo, ila siku hiyo hakutia. Kiti hakikuwepo.

Mkazamwana wa fundi, aliyekuwa akishonea vifungo chumba hichohicho, alikuwa ameshaona siku nyingi. Alinyamaza kwa sababu mama mkwe wake alikuwa vitani na kitambaa. Gauni la kazini la fundi lilimfika kwenye vifundo asubuhi, na kufika adhuhuri lilikuwa limepanda hadi magotini. Fundi alifumua pindo, akashona upya, akafumua tena. Mwisho akalibeba gauni mpaka kwa muuza vitambaa, akamtolea maneno mbele ya wateja.

"Kitambaa chako kinasinyaa, mwizi wewe!"

"Mama, kitambaa kikisinyaa kimesinyaa. Hakibadili mawazo kila asubuhi."

Fundi aliporudi nyumbani, mkazamwana alichukua futi ya kupimia, akapima gauni, kisha akampima mwenye gauni.

"Mama, kitambaa hakina kosa. Ni wewe."

"Loo. Na mimi nimeshamtukana mtoto wa watu," alisema fundi, akakaa kumshonea yule muuza vitambaa shati la kumwomba radhi.

Sababu ilikuwa ng'ambo ya kichochoro. Sonara huchanganya mchanga wa dhahabu na zebaki, kisha huichoma ile zebaki ipotee, ibaki dhahabu. Haipotei. Hupita kwenye bomba, na mdomo wa bomba unatazama dirisha la fundi, ambalo huwa wazi mchana kutwa kwa ajili ya mwanga. Mwaka baada ya mwaka imemwingia fundi, na zebaki popote ilipo, joto likizidi hupanda.

Mtaa ulizoea upesi. Mchana fundi aliitwa kutoa mipira kwenye mapaa. Asubuhi, akiwa mfupi, aliokota sindano chini ya cherehani bila kuinama sana. Sonara mwenyewe, kabla ya kutoka, huchungulia dirishani: akimwona fundi yuko chini, huvaa koti. Mikono ya fundi tu ndiyo iliyokataa kuzoea. Ilitetemeka, na kazi ya kutia uzi kwenye sindano akamwachia mkazamwana.

Kisha akaja mpimaji kutoka ofisi ya mazingira, na sanduku lake la kunusa hewa. Sanduku liliishiwa chaji mlangoni. Mpimaji akamtazama fundi, akatazama jua, akaomba kuazima futi.

"Zebaki ikizidi mwilini, mtu anazidi kurefuka jua likiwaka," alieleza kwa furaha. "Mama, wewe ni sahihi kuliko sanduku."

"Sanduku lako lilinunuliwa. Mimi nimetengenezewa hapahapa," alisema fundi.

Tangu siku hiyo mpimaji alikuja kila mara. Aliwaambia kwamba moshi wa mabomba kama lile umepimwa hadi kwenye barafu za mbali na kwenye samaki wa bahari kuu, kwa watu wasiojua hata sonara anafananaje.

"Basi salamu zetu zimefika," alisema fundi. "Na wao wanasemaje?"

"Nao wanapima."

Mkazamwana alisikiliza na kuendelea na vifungo vyake. Alikuwa mjamzito, na gauni lake nalo lilianza kupanda.

"Ni tumbo hilo, mwanangu," alisema fundi bila kumtazama.

Mkazamwana hakubisha. Lakini alikuwa amekaa na cherehani muda wa kutosha kujua kwamba mimba hupandisha gauni mbele. Hili lake lilipanda na nyuma. Akajaribu kufunga dirisha. Chumba kikawa giza, fundi akajidunga kidole, wakafungua tena. Akamtuma Redio kwa sonara. Sonara akajibu kwamba bomba haligeuki, limejengewa, na kwamba awasalimie sana.

Mpimaji alipokuja safari iliyofuata, mkazamwana alisimama mwenyewe ukutani, adhuhuri, akamkabidhi futi. Mpimaji alipima, akapima tena, uso ukamng'aa.

"Hongera, dada! Tulikuwa na kipimo kimoja mtaa huu. Sasa tuna viwili, na cha tatu kinakuja."

"Kaka," alisema mkazamwana, "wewe una kitambulisho shingoni, wewe utasikilizwa. Ukitoka hapa vuka tu kichochoro, umwambie sonara ageuze lile bomba. Kabla sijajifungua. Sina lingine ninalokuomba."

Ng'ambo bomba lilikohoa, likaanza kutoa moshi wa mchana. Fundi, kichwa karibu na dari, aliacha kukanyaga cherehani ili asikie jibu.

Mpimaji alikuwa amepiga magoti, ameibana ncha ya futi kwenye kisigino cha mkazamwana kwa kidole gumba.

"Simama wima, dada," alisema. "Na usipumue kidogo, namba isicheze."