Kiduara cha Spiriti Tupu

Mdomo huponza kichwa, wanasema. Wangu haukuniponza mimi, ulimponza mama yangu mzazi.

Mimi ni mtu wa maabara, mwaka wa kumi na nne huu. Naotesha bakteria kwenye visahani na kutafuta kinachowaua. Mama naye alitibu vidonda vya mtaa mzima kwa majani ya mti mmoja uliosimama nyuma ya jiko lake. Anayachemsha, anaosha kidonda, anafunga kitambaa. Basi tulikuwa paka na panya. Nikiingia tu, "Mfugaji wa vidudu amekuja! Wangapi wamezaa leo?" Nami kwa kukosa adabu kwangu namjibu, "Afadhali mimi, Mama. Dawa yako ni maji ya moto na bahati tu." Kwa neno hilo aliwahi kuninunia mwezi mzima.

Mwaka huu nikasema yaishe. Nilitaka nimpe mama yangu neno moja zuri kutoka kazini kwangu angali hai. Nikachuma majani yake, nikayakausha, nikayasaga, nikayaloweka kwenye spiriti siku tatu, maana ndivyo tunavyoikamua nguvu ya mmea. Nikadondoshea dawa ile kwenye viduara vya karatasi, vidogo kuliko kifungo cha shati, nikavipanga kwenye kisahani nilichokipaka bakteria wa vidonda. Kesho yake nafungua kabati la joto, lahaula! Kila kiduara kimezungukwa na uwazi msafi. Bakteria waliokuwa karibu nacho wamekufa wote.

Nilipaswa kunyamaza. Mtu wa maabara haamini kisahani kimoja. Lakini furaha ilinipanda kichwani, nikapiga simu palepale.

"Mama, dawa yako inaua! Nimeona kwa macho yangu."

Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu baba afariki. "Ulikuwa hujui? Haya, rudia. Mama yako mdogo yuko hapa, asikie na yeye."

Nikarudia. Mama mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa akiishi naye, akapiga vigelegele hadi nikaiweka simu mbali na sikio.

Mimi nilikuwa sijui kwamba mama ana kidonda unyayoni. Alikuwa na sukari, akakanyaga msumari, akanificha kwa sababu alijua ningemburuta hospitali. Mama mdogo alikuwa amembembeleza wiki nzima aende, mama akakubali, begi likafungwa, waondoke asubuhi inayofuata. Baada ya simu yangu mama akazitoa nguo zake begini, akazirudisha kabatini. "Wenyewe wamepima wamekubali," akamwambia mdogo wake. "Nikafuate nini huko?"

Siku ya tisa baada ya simu ile nikampelekea profesa wangu kile kisahani, kifua mbele. Akakitazama, akavua miwani.

"Kiduara cha spiriti tupu kiko wapi?"

Hilo huwafundisha wanafunzi mimi mwenyewe, tena kwa ukali: weka kiduara kimoja chenye spiriti peke yake, na vyote viache vikauke kwanza, kwa kuwa spiriti yenyewe inaua. Sikuweka. Sikuacha vikauke. Nilikuwa na haraka ya kuwa mtoto mwema. Nikairudia kazi yote, safari hii taratibu. Bakteria wakaota hadi wakavigusa viduara vya majani ya mama, kama vile hakuna kilichowekwa pale.

Niseme kweli, niliogopa. Siku mbili nilishika simu na kuiweka chini. Nitamwambiaje? Kile kicheko nakirudishaje? Siku ya tatu mama mdogo akapiga yeye, analia: mguu umekuwa mweusi, dada yake anaongea maneno yasiyoeleweka.

Walimkata chini ya goti. Daktari akasema damu imeshachafuka, tumechelewa. Jumatano akili ikamrudia kidogo, akanishika mkono.

"Wale vidudu wa kwenye kisahani. Walikufa kweli?"

"Walikufa, Mama. Wote."

"Basi hiki changu kimekuwa kikaidi tu," akasema, akatabasamu. Alhamisi mchana akafariki.

Siku ya pili ya msiba nyumba ilijaa watu. Akaingia jirani yetu, fundi cherehani, na binti yake mdogo mgongoni. Mtoto alikuwa ameungua kwa chai, paja linatoa usaha, na lilinuka.

"Pole, dada yangu," akaniambia. "Marehemu alituambia mmeipima ile dawa yake, inaua kabisa. Nilikuwa naomba majani kidogo."

Mama mdogo akanisukuma begani kwa upendo. "Nenda kachume, mwanangu. Kazi ya mama yako ni yako sasa."

Watu wote walinitazama, na wengine wakaanza kufuta machozi. Nilitamani ardhi inimeze. Ningeweza kwenda nyuma ya jiko, nikachuma, na mama yangu akabaki mganga hadi kiama. Nikamtazama yule mtoto. Alikuwa na homa, hata inzi aliyetua kwenye paja hamfukuzi.

"Haiui," nikasema. "Nilikosea kupima. Iliyoua ni spiriti niliyolowekea. Mpeleke mtoto hospitali sasa hivi."

Mama mdogo akasimama.

"Ulisema inaua. Ukarudia, nikasikia kwa masikio yangu."

"Ndiyo, Mama mdogo."

"Ulijua lini kwamba haiui?"

Ningeweza kudanganya hapo pia. Nilikuwa nimeshazoea.

"Siku mbili kabla hujanipigia."

Akahesabu kwa vidole. "Siku mbili," akasema. "Siku mbili kabla sijakupigia mguu ulikuwa bado mwekundu. Alikuwa anatembea nao. Alikwenda nao mwenyewe uani."

Nikampokea fundi cherehani mtoto wake, nikatoka naye mbio hadi hospitali, na wakampokea. Niliporudi jioni nikabisha hodi nyumbani kwa mama. Nilisikia sauti za watu ndani. Hakuna aliyenifungulia.