Bi Mkubwa na Bi Mdogo Chini ya Boneti

Gari la Mjomba lilikuwa jeuri porini, matope na mawe halikuyajali, ila lilikuwa na aibu moja: akilala nalo kambini, friji inainywa betri yote, na asubuhi gari haliwaki hata kwa kubembelezwa. Mpwa wake, fundi umeme wa magari ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche, akaapa kumfungia betri ya pili. Mjomba alicheka mpaka akakohoa.

"Friji ikeshe imewaka, na asubuhi gari liwake bila kusukumwa, basi ni lako. Likigoma, usiliguse tena."

Cheche alilitaka gari lile kupita kiasi, na wala hakuficha. Akaliingiza karakanani, akalivamia. Betri ya kuwasha injini akaiita Bi Mkubwa. Ya friji na taa, Bi Mdogo. Katikati akaweka rilei ya kuwaunganisha injini ikinguruma na kuwatenganisha ikizimwa, maana wake wenza hawa wakilala na mfuko mmoja, wote wataamka hawana kitu. Kwenye dashibodi zikakaa geji mbili za volti: ya juu ya Bi Mkubwa, ya chini ya Bi Mdogo. Yeye alisukuma nyaya kutoka kwenye boneti, dada yake akazipokea ndani na kuzifunga, huku wakiimba ovyo na kuchekana sauti.

Asubuhi Mjomba alichungulia dashibodi. Friji ilikuwa bado inawaka, lakini sindano ya juu ilikuwa inakaribia kulala chali.

"Bi Mkubwa katutoka," akatangaza. "Poleni wafiwa. Nipeni ufunguo wangu."

Machozi yakamlengalenga Cheche. Lakini sindano ya chini mbona imesimama wima? Friji imekunywa usiku kucha, halafu Bi Mdogo ameshiba?

"Dada, waya ule niliouandika M uliufunga wapi?"

"Geji ya chini. M si Mdogo?"

"M ni Mkubwa!"

"Kwani Mdogo anaanza na nini, mwenzangu? B?"

Wakatazamana, kisha wakaangua kicheko hadi dada mtu akakaa chini kwenye grisi na sketi yake nzuri.

"Maneno matupu hayo," Mjomba akanguruma. "Washa tuone."

Cheche akazungusha ufunguo huku amefumba macho. Injini ikadaka papo hapo! Sindano zote mbili zikapanda. Akapiga ukelele, akaruka chini, akamkumbatia dada yake, akalibusu hata boneti lenye vumbi.

Mjomba alisimama kwenye mlango wa dereva, ambao hakuwahi kumwachia mtu. Akaushika kidogo. Kisha akazunguka, akapanda upande wa pili, akahangaika na mkanda.

"Haya, mjomba, nirudishe nyumbani," akasema. "Na uende taratibu, gari la watu hili."