Mashine Isiyoitikia

Fundi redio aliponzwa na mdomo wake mwenyewe. Siku mama mkwe alipouliza mezani kama humu ndani kuna mtu anayeelewa kompyuta, mke wa fundi alikuwa anatafuna, watoto wakaangaliana, naye fundi, ambaye hakuna hata aliyemtazama, akadakia: "Mama, mimi na kompyuta ni pete na kidole." Neno likishatoka halirudi. Kompyuta ile ya sebuleni alikuwa ameifungua mara moja tu, kuipangusa vumbi, na ilipowaka tena alimshukuru Mungu kimoyomoyo.

Lakini tusimlaumu sana. Miaka saba ya ndoa alikuwa akilisubiri neno moja jema kutoka kwa mkwe wake, na hajalipata. Hakutukanwa wala hakusutwa. Alishamtengenezea mama redio, pasi, feni na kengele ya mlango, na kila mara mama alikipokea kitu, akakijaribu, akakirudisha mahali pake, basi. Kimya hicho kilimkaa fundi kooni kama mwiba wa samaki. Na mtu wa redio ana imani yake kuhusu kimya: chombo kinachokoroma kina uhai, kilichonyamaza ni maiti.

Mama naye hakuwa mtu wa kuchezewa. Maisha yake yote alikuwa mpiga chapa wa ofisi, na mpaka leo akifikiri vidole vyake hutembea juu ya meza vyenyewe. Tangu astaafu na kuhamia kwa binti yake, kila aliyekutana naye alimwambia apumzike, mpaka neno hilo likaanza kumnukia kaburi. Ndipo akajiandikisha darasa la kuandika programu kwenye ukumbi wa maktaba. Mwalimu wao aliwaambia wazi: kila mmoja aweke zana za kazi kwenye kompyuta ya nyumbani kwake, aandike programu ndogo ya kutoa salamu, na aitume kabla ya saa kumi jioni Jumamosi. Asiyetuma, kiti chake anapewa mwingine, maana wanaosubiri nafasi wamejaa tele.

"Kiti changu simwachii mtu," mama alisema Jumamosi asubuhi, akijisogeza mbele ya kompyuta. "Haya, Fundi. Pete na kidole."

Zana zenyewe zilikuwa za mtindo wa Unix. Humo hakuna vipicha vya kubonyeza. Unafungua dirisha jeusi na kuandika amri, mstari mmoja baada ya mwingine. Mama akaiweka karatasi ya maelekezo kushoto kwake, kama alivyokuwa akiweka barua za wakubwa, akaanza kunakili. Mpiga chapa hapunguzi wala haongezi. Kila mstari kwenye karatasi ulianza na alama ya dola, ishara tu ya kwamba amri inaanzia hapo, lakini mama akaipiga na dola pia. Mashine ikajibu kwamba amri kama hiyo haijui.

"Inataka dola," fundi akatangaza, kwa uhakika wa mtu asiyejua. "Vitu vya nje ndivyo vilivyo."

"Dola si nimeshaipa?"

"Basi haijatosha."

Wakaipa dola mbili. Ikalalamika vilevile. Mama akaivuta miwani, akasema, "Ngoja tuinyime kabisa, tuone kama itanuna." Akaandika amri bila dola, na mashine ikauliza paswedi. Fundi akaguna kama mtu aliyelitarajia hilo tangu mwanzo.

Mama akaanza kuandika paswedi. Hakuna herufi iliyotokea. Katika kazi yake, herufi isipotokea ama utepe wa taipureta umekwisha, ama kidole kimelegea. Akapiga kwa nguvu zaidi, mpaka kikombe cha chai kikacheza kwenye kisahani. Kiooni patupu. Hapo fundi akafurahi, Mungu amsamehe, kwa kuwa hatimaye limetokea jambo analolielewa.

"Kibodi imekufa. Niachie mimi, Mama."

Akaenda kuleta bisibisi. Akaifumua ile kibodi juu ya gazeti, akaisugua kwa brashi, akauchomea waya ambao haukuwa na kosa lolote, akaifunga. Skrubu moja ikabaki, kama kawaida. Akaisukumia chini ya karatasi ya maelekezo. Mama aliiona na hakusema kitu.

Herufi bado hazikutokea, lakini mama, kwa mazoea ya mtu asiyeacha mstari njiani, aliimaliza paswedi na kubonyeza enta. Mara maneno yakaanza kuteremka kiooni kwa kasi, yanapita hayasomeki. Programu zilikuwa zinajipakia.

"Umeona?" fundi akapiga makofi. "Imeamka! Waya ule ule!"

Makofi hayo ndiyo yaliyowapoteza. Amri iliyofuata ilikuwa ya kutengeneza folda ya kazi. Mama akaiandika, akabonyeza. Mashine haikusema lolote. Ilirudi tu kwenye mstari wake mtupu, kidoti kinakonyeza.

"Mbona kimya?" mama akauliza.

"Haijasikia. Rudia."

Akarudia. Mara hii mashine ikajibu kwamba folda ya jina hilo tayari ipo.

"Sasa imezungumza!" fundi akasema, uso umemkunjuka. "Tunakaribia."

"Inasema ipo."

"Ipo wapi, wakati ilikataa kuitengeneza? Imechanganyikiwa hii. Tufute, tuanze upya."

Wakafuta. Kimya. "Hata kufuta imekataa," fundi akasikitika. Wakafuta tena, na mashine ikalalamika kwamba hakuna folda kama hiyo, na fundi akapata matumaini mapya. Asubuhi nzima ikaenda hivyo. Kila walichokubaliwa walikifumua, na kila walipogombezwa walipongezana. Mama alitii kwa sababu ndivyo alivyozoea: akisema mkubwa piga upya, unapiga upya. Na kwenye kompyuta mkubwa alikuwa mkwewe, kwa kauli yake mwenyewe.

Mchana mke wa fundi akarudi kutoka saluni anakosuka watu, akasimama mlangoni na mkoba begani.

"Bado? Si ulisema pete na kidole?"

"Pete imebana kidogo."

"Mpigieni basi Mwalimu."

"Mwalimu ana shughuli zake," fundi akajibu upesi mno. Mkewe akamtazama, akatikisa kichwa, akaingia jikoni.

Shughuli za Mwalimu hakuzijua hata moja. Alichokijua ni kwamba simu hiyo ingepigwa mbele ya mama mkwe, na ingeanza na maneno "hatujui". Akaona heri aigonge kompyuta ubavuni kwa kiganja, dawa ambayo imeponya redio nyingi. Kompyuta haikupona. Akaizima na kuiwasha. Akaigeuza ikatazama dirisha, asiweze kueleza kwa nini.

Saa tisa ikapita. Fundi akageuka kumwomba mama ajaribu mara nyingine, akamkuta anatazama saa ya ukutani. Mikono ilikuwa mapajani. Vidole vilikuwa vimetulia, na tangu amjue mama huyu hajawahi kuviona vimetulia. Fundi aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Alikuwa anachezea kiti cha mtu ili kulinda sifa ambayo hata hakuwa nayo.

"Mama," akasema. "Mimi sijui haya mambo."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu ile skrubu."

Fundi akamtolea macho. "Sasa mbona ulinyamaza?"

"Ungekasirika, halafu ningebaki peke yangu na hili dude. Piga simu."

Akapiga, akaweka sauti kubwa. Mwalimu akaitikia, na nyuma yake maji yalisikika yakichuruzika, anaosha vyombo.

"Mmefika wapi? Imewaandikia nini?"

"Haiandiki kitu, Mwalimu!" fundi akalia. "Tangu asubuhi. Tunaipa amri, kimya."

"Kimya kabisa?"

"Kama tunaongea na ukuta."

"Sasa shida iko wapi?"

Fundi na mama wakatazamana.

"Hizi mashine hazina maneno mengi," Mwalimu akaendelea. "Ukiiagiza kitu ikakifanya, inanyamaza, inasubiri kingine. Ikianza kuongea, hapo ndipo ujiulize umekosea wapi. Na paswedi huwa haionekani, mtu asikuchungulie. Msije mkadhani kibodi imeharibika."

"Hapana, hilo tulilijua," fundi akasema. Mama akakohoa.

Wakaanza tena. Folda: kimya. Kuingia ndani ya folda: kimya. Kila kimya kilimwasha fundi vidole, hadi akaamua kuikalia mikono yake mwenyewe. Mama akaandika programu, herufi kwa herufi, hapunguzi wala haongezi, akaiamuru ifanye kazi. Kiooni yakatokea maneno mawili tu: *Shikamoo, Mama.*

"Marahaba," mama akaitikia, bila kufikiri. Jikoni binti yake akaangua kicheko mpaka akaangusha mwiko.

Ikabaki kutuma. Mshale wa saa ulikuwa umeikaribia kumi. Mama akaandika amri ya mwisho, akabonyeza enta, na mashine ikanyamaza. Mkono wa fundi ukachomoka chini ya paja, ukaelekea kwenye kibodi. Mama akaupiga kofi kwa karatasi ya maelekezo.

"Imekubali."

"Una hakika gani?"

"Si imenyamaza?"

Wakakaa wawili hao wakikitazama kioo kisichosema kitu. Hatimaye simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Mwalimu: kazi imefika, kiti chako kipo, tuonane Jumatatu. Mama akausoma, akaurudia, akaifunga miwani yake, na vidole vyake vikaanza tena kutembea juu ya meza.

Fundi hakuondoka. Kuna swali lilikuwa likimpanda kifuani, la siku nyingi.

"Mama. Ile redio niliyokutengenezea. Inafanya kazi?"

"Redio?" Mama alishangaa kweli. "Nilikwambia imeharibika?"

"Hapana."

"Feni, je? Kengele?"

"Hapana, Mama."

"Na wewe mwenyewe. Miaka saba unakaa na mwanangu. Umewahi kunisikia nikisema neno?"

Miaka saba yote fundi aliiona ikijipanga mbele yake, mstari mtupu baada ya mstari mtupu. Machozi yakamlenga, na kicheko nacho kikawa kinampanda, hajui atangulize kipi.

"Hujawahi, Mama."

"Haya." Mama akainyanyua karatasi ya maelekezo, akaiokota skrubu, akamwekea kiganjani. "Ila hii nitaisemea. Irudishe ilikotoka."