Katlesi za Ngano Njiti

Ndoto ya jana ilimkuta Namkunda jikoni kwa mkwewe, Heidrun, huko Ujerumani, akiwa na bakuli la ngano ya kijani mbele yake.

Alitoka Usangi kwenda kumlea mjukuu, lakini mjukuu alizaliwa wa miezi saba, njiti, akawekwa hospitalini ndani ya kisanduku cha kioo chenye joto. Tangu hapo Heidrun, ambaye hata zamani nyama hakula, alikuwa akirudisha sahani kama alivyoletewa. Basi Namkunda akaazimia kumpikia katlesi za nafaka ya kwao Heidrun, ile ngano ya kijani wanayoiita grünkern. Alilala akiwaza atazipikaje.

Ndotoni, pakiti ya ngano ilijisomea maelekezo yenyewe, kwa sauti kavu. Ikasema nafaka ikishachemshwa iachwe ipumzike.

Namkunda akaiuliza ngano ingependa kupumzika wapi. Ikajibu, kitandani. Akaibeba, akaitandikia, akaifunika shuka. Ikaomba mto wa pili, akaipa. Ikafutuka polepole hadi ikajaa kitanda kizima, kisha ikaanza kukoroma.

Alifunga mlango taratibu asiiamshe. Alipogeuka, ukumbi haukuwepo.

Yuko shambani. Wingu la mvua limeinama juu ya vilima, na watu wanakata ngano ambayo bado ni mbichi kabisa. Pembeni kuna tanuri la mawe lenye bati la matundu juu yake. Tanuri linakohoa, kisha linamwomba radhi kwa ajili ya moshi. Namkunda anasema pole. Analiambia kwamba kwao, mtu akivuna kabla ya wakati, majirani humwendea kumuuliza kama kuna msiba.

"Wakati mwingine upo," tanuri linasema. "Mvua ikiikuta shambani, inaoza. Kwa hiyo inatoka mapema, nasi tunaipa joto."

"Na huwa inafaa?"

"Iulize yenyewe."

Namkunda anainama juu ya bati. Punje moja inajisogeza kumpisha aone vizuri.

"Shikamoo, bibi," inasema. "Sisi sote hapa ni njiti. Hakuna aliyetimiza miezi yake."

"Marahaba. Na mnaonaje hali?"

"Joto linatosha. Tunakaa tu."

Namkunda alitaka kuuliza zaidi, lakini tayari alikuwa wodini, ameketi kwenye kigoda, na kikaangio kilikuwa mapajani mwake kikichemka bila kumuunguza. Muuguzi alimpa mwiko, akaenda zake. Ndani ya mafuta ililala katlesi moja.

Akataka kuigeuza.

"Bado," katlesi ikasema. "Ukinigeuza sasa nitavunjika. Ngoja nijiachie mwenyewe."

Akangoja. Mkono ukamuwasha, lakini akauzuia. Dirishani kilipita kiangazi cha Usangi, zikafuata mvua za vuli, kisha kiangazi tena. Kila alipogusa mwiko, katlesi ilisema bado, wala haikuonyesha kuchoka. Mwishowe ikateleza yenyewe kikaangioni, kidogo tu.

"Sasa, bibi."

Akaigeuza. Haikuvunjika. Upande wa pili ulikuwa wa rangi ya dhahabu.

Hapo akaamka. Kulikuwa kumekucha, na alipoingia jikoni jiko la umeme lilikuwa baridi. Heidrun alikuwa ameketi mezani na kikombe cha maji. Namkunda akamsabahi, akapita kuchukua sufuria. Heidrun akainua uso, akainuka, akamsogelea na kuweka pua begani pake.

"Mama, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimelala, mwanangu."

"Unanukia tanuri la babu yangu," Heidrun akasema. "Lilibomolewa nikiwa mdogo."

Namkunda akanusa mkono wa gauni lake la kulalia. Ulinuka moshi wa kuni, tena mzito, na nyumba ile haikuwa na hata kijiti cha kuwashia. Hakubisha. Akabandika maji.

Heidrun akarudi kitini, akakisogeza karibu na jiko. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake cha kupapasa, kwamba anaona njaa.