Maini Aliyokula Mkwe

Mwaka ule Goma ilipotekwa, huku Lubumbashi bei zilipanda kila asubuhi na umeme ulikuja ukipenda. Juu ya hayo, kuku mia tatu wa Mama Adolphine wakaanza kufa, wana wiki nne tu, wanono kweli.

"Ni Chola njo aliwapa sumu!" akasema. Chola, dada yake mkubwa, ambaye humwita Yaya, ndiye aliyewanywesha kuku siku Adolphine alipokwenda Kasumbalesa. "Asikanyage mu ndoa ya mutoto yangu!"

Neno hilo lilimchoma Émerance, mpangaji wa Adolphine kutoka Butembo, upande wa Goma, mtaalamu wa maabara ya mifugo. Vita vilipomkatia simu za kwao, Chola ndiye aliyempikia kila Jumapili. Émerance akapasua kuku watano waliokufa. Kila moyo ulikuwa umezingirwa na maji, ini limevimba na kupauka. Sumu wapi! Alishuku adenovirusi, virusi vya kuku viletavyo maji hayo. Akapaka ini kidogo kwenye kadi nene ya karatasi, akaikausha ili ipelekwe kupimwa bila barafu, kama wafanyavyo wote waliochoka na friji za mji huu. Maini yaliyobaki akayatia katika friji ya Adolphine, bila kuandika chochote kwenye mfuko. Msomi mzima!

Jumamosi wakwe wakafika bila taarifa. Émerance aliporudi, mkwe mkubwa alikuwa akilamba vidole.

"Mama, ile maini ya mu friji..."

"Nilikaangia bakwe. Iko nini?"

"Ilikuwa ya ile kuku yako ya sumu."

Adolphine akakaa chini kwa kishindo. Mkwe akaomba nyongeza.

Émerance alicheka hadi machozi, maana virusi hivyo havimdhuru binadamu. Lakini mkwe kubaki mzima hakukutosha kumsafisha Chola. Kadi mbili zikavuka mpaka hadi maabara kubwa: moja ya Adolphine, nyingine ya mfugaji wa Kasomeno aliyenunua vifaranga vya kundi lilelile, na huko Chola hajafika maishani. Baada ya wiki mbili majibu yakaja. Ni adenovirusi aina ya nne kwenye kadi zote mbili, vinasaba vyake vikifanana herufi kwa herufi.

"Haiko sumu, mama. Ugonjwa ilikuya na ma-poussins, bile bifaranga, tangu mu mayai."

Adolphine alichinja jogoo, akapika, akafunika sahani, akaenda kwa Chola, Émerance nyuma yake. Juu ya nyama aliweka firigisi, ambayo kwao hupewa mtu wa heshima peke yake.

"Yaya, nilikukosea. Unisamehe. Bila weye, hakuna ndoa."

Chola alilia kidogo, akafuta macho, akafunua sahani na kuichungulia vizuri.

"Na maini iko wapi?"

"Yaya," akasema Adolphine, "maini, muulize mukwe."