Picha za Mavi ya Komando

Mkwe wangu alinikabidhi mfuko. Mfuko wa nailoni, mweusi, mdogo, mwepesi hata upepo ungeweza kuupokonya. Alikuwa ameshavaa viatu vya kazini, mkoba begani, akasema kwa haraka, "Mama, Komando akimaliza haja yake, unavaa mfuko mkononi hivi, unaokota, unaugeuza, unafunga, unatupa kwenye pipa la kona."

Nikamwangalia yeye. Nikauangalia mfuko. Nikamwangalia tena.

"Naokota nini?"

"Kinyesi chake, mama."

Jamani! Mimi niliyezaa sita nikawalea mpaka wakaota ndevu, mimi ambaye watu wazima na akili zao wananiamkia barabarani, leo nitembee nyuma ya mbwa nikingoja ajisaidie, halafu nimwokotee? Nilipopata cha kujibu, mkwe wangu alikuwa ameshafika kituoni. Ni karani wa benki, na benki haimngoji mtu.

Nilikuja pale kwa ajili ya mjukuu, nieleweke. Mwanangu alikuwa amepelekwa na kazi yake mkoa wa mbali kwa miezi mitatu, na dada aliyekuwa akimwangalia mtoto alikuwa ameolewa. Nikaambiwa, mama njoo ukae na mjukuu wako. Miaka mitatu, mashavu hivi, maneno mengi kuliko meno. Nikaja mbio. Habari ya mbwa nilipewa baada ya kufungua sanduku.

Na mbwa mwenyewe! Jina Komando, mwili kama ndama, lakini akiona paka anajificha nyuma ya gauni langu. Kila asubuhi mkono huu mtoto, mkono huu kamba, tunazunguka mtaa. Ananusa ukuta, ananusa nguzo, anazunguka mara tatu, halafu anachuchumaa na kunikodolea macho. Anakutazama usoni kabisa, bila haya, mpaka unajiuliza kama ni wewe uliyemkosea. Mimi naangalia angani. Akimaliza, naangalia kushoto, naangalia kulia, nasukumia majani makavu kwa ncha ya kiatu, twende zetu. Jioni mkwe wangu anauliza, "Umeokota, mama?" Najibu, "Nimeokota." Mifuko yote ilikuwa chini ya godoro langu, misafi kama ilivyotoka dukani.

Lakini mtaa una macho. Wiki ya pili, Jumanne, tumekata kona ile ya mwisho tukirudi nyumbani, namwona mzee wa nyumba yenye geti la bluu amepiga magoti barabarani. Nikadhani ameanguka. Nikasogea nimsaidie. Salaale! Ameweka futi ya kupimia kando ya mavi ya Komando ya asubuhi ya jana, anayapiga picha kwa simu.

"Sentimita kumi na nne," akasema bila kuinua kichwa. "Jumatatu, mbele ya geti langu. Na haya ya leo hapa pembeni, kumi na mbili. Yote nayaweka na tarehe."

Huyu ndiye mtaa mzima ulikuwa ukimwita Bwana Futi. Maisha yake yote alikuwa mpima ardhi, na alipostaafu hakuna aliyemwambia kwamba kazi imekwisha. Nikamuuliza kama mkewe anajua anachofanya. Akasema mkewe ni marehemu, na picha anampelekea mwenyekiti wa mtaa, kila Ijumaa, zikiwa kumi mbwa anaondolewa.

"Ziko ngapi?"

"Nane."

"Basi una umbea wa kisomi," nikamwambia, nikavuta mbwa wangu na mjukuu wangu. Nilisonya njia nzima. Mtu mzima na mvi zake anahesabu choo cha mbwa wa watu!

Jumatano nikapita njia nyingine. Alhamisi nikatoka mapema zaidi. Kazi bure. Komando mwenyewe alikuwa na sehemu yake, geti la bluu na si kwingine, na ukimvuta anakaa kitako kama gunia.

Ijumaa, tunakaribia, Bwana Futi amesimama getini kwake na beleshi mkononi. Juu ya beleshi kuna mzigo.

"Habari za asubuhi, mama. Nimekuhifadhia mali yako ya jana."

"Mali yangu ipo sandukuni kwangu," nikasema.

"Hebu angalia kwanza. Sitanii." Na kweli sura yake haikuwa ya ugomvi. "Mbwa wako anakula nini siku hizi?"

Nilitaka kugeuka. Sijawahi kuangalia mavi ya mbwa maishani mwangu na sikuona sababu ya kuanza uzeeni. Lakini alinisogezea beleshi mpaka kifuani, nikaangalia. Ndani yake kulikuwa na chembechembe za kijani. Siyo kijani cha majani. Kijani kinachong'aa, kama rangi ya kalamu za shule.

"Jumanne hazikuwepo," akasema. "Jumatano hazikuwepo. Jana zimeanza. Mama, hii ni dawa ya panya."

Nikamvuta mjukuu kwangu. Kwa sababu yeye alikuwa anakisia, na mimi nilikuwa najua.

Ni mimi niliyeinunua. Jumapili nilisikia panya wakikwaruza nyuma ya friji, nikamwambia mkwe wangu, akanuna. "Nyumba yangu haina panya, mama." Haya, haina. Mimi sibishani na mwenye nyumba. Jumanne nikanunua pakiti kwa mchuuzi, nikamimina kwenye kifuniko cha chupa ya jamu, nikakisukuma nyuma ya friji, na pakiti nikaificha kwenye mkoba wangu. Nilikuwa nangoja panya afe nimshike mkia, nimwekee mkwe wangu mbele ya miguu. Nimshinde. Ndiyo, nilitaka kumshinda, niseme uongo wa nini?

"Nishikie mbwa," nikamwambia Bwana Futi. Nikambeba mjukuu, nikakimbia. Miguu hii ambayo kwenye ngazi inaomba msamaha, siku hiyo ilikimbia.

Jikoni nilivuta friji kwa mikono yangu miwili. Nyuma yake kulikuwa na vumbi na kijiti cha kiberiti. Kifuniko hakipo.

"Bibi unatafuta nini?" mtoto akauliza.

"Kifuniko, mama yangu. Kifuniko chekundu. Umekiona?"

Akaenda kwenye kona ya midoli yake, pale anapopika. Akanyanyua kisufuria cha plastiki, na chini yake akatoa kifuniko changu. Kilikuwa kimebaki na punje tatu. Pembeni kijiko cha chai.

"Huu wali wa Komando," akasema. "Komando alikitoa kwa mkia kule nyuma ya friji, nikaona wali."

"Komando amekula wote?"

"Hapana, bibi!" Akanishangaa kabisa, kama nimemtukana. "Komando kijiko, mimi kijiko. Komando kijiko, mimi kijiko. Si umesema tusiwe wachoyo?"

Nilipiga ukelele ambao sijui ulitoka wapi. Mtoto akaanza kulia. Nikamfungua mdomo, nikaangalia ulimi, nikaangalia ufizi, nikamnusa kama mwendawazimu. Mzima, mashavu yale yale, jana alicheka, jana alikula, na ndani yake kuna sumu niliyoileta mimi.

Bwana Futi alikuwa ameshasikia ukelele wangu, akaleta gari lake bovu mlangoni, Komando amekaa kiti cha mbele. Hakuuliza zaidi ya nilichomwambia, kwamba mtoto amekula dawa ile pamoja na mbwa. Nikapanda nyuma na mtoto mapajani, nikampigia mkwe wangu, nikasema neno moja tu, hospitali. Njiani Bwana Futi anaendesha huku anaongea peke yake. "Kuna shetani wa mtu amerusha sumu juu ya ukuta ili amuue mbwa. Mtoto ameokota. Nitamtafuta, mama. Nitaandika barua kwa mwenyekiti leo leo. Atajulikana."

Mimi nikamkumbatia mtoto. Nasema kweli yangu: ile njia aliyonifungulia niliiona, na nilivutika. Shetani wa mtu, juu ya ukuta. Nani angekataa? Hata mkwe wangu angelia na mimi begani kwangu.

Daktari wa watoto alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya chini. Alimlaza mtoto, akamulika macho, akabonyeza tumbo, akakuta michubuko miwili ya zambarau kwenye goti. Nilikuwa nimeiona jana jioni nikadhani ni michezo. Akauliza, "Amekula lini?"

Sijui. Nilikuwa naye kutwa nzima na sijui!

Hapo ndipo Bwana Futi aliposogea na simu yake. Akamwonyesha daktari moja moja, futi kando ya kila picha. "Jumanne, kahawia. Jumatano asubuhi, kahawia. Alhamisi asubuhi, angalia hapa, kijani. Mbwa na mtoto wamekula pamoja. Kwa hiyo ni Jumatano mchana." Daktari aliiangalia ile simu, akamwangalia mzee, akaiangalia tena. Nadhani shuleni hawakumfundisha.

"Siku mbili," akasema. "Bado tuna nafasi. Ila nahitaji kujua ni dawa gani. Zipo zinazozuia damu isigande, na zipo zinazoshika ubongo. Rangi zinafanana, tiba hazifanani. Vipimo vitaniambia, lakini vitachukua muda. Nani ana pakiti?"

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Mkwe wangu, kitambulisho cha benki kinaning'inia shingoni, kiatu kimoja mkononi. Akamrukia mtoto, akamshika kichwa, akamshika miguu, akanigeukia na machozi. "Mama, imekuwaje? Nani amefanya hivi?"

"Kuna mtu amerusha..." Bwana Futi akaanza.

"Hapana," nikasema.

Nikafungua mkoba. Zipu ikakwama, nikaivuta mpaka ikakatika. Nikaitoa pakiti, nikaiweka juu ya meza ya daktari, mbele ya mkwe wangu.

"Nilinunua mimi," nikasema. "Niliweka nyuma ya friji. Hukujua, kwa sababu nilikuficha."

Mtoto alikuwa akivuta kamasi. Daktari akaichukua, akasoma maandishi madogo ya nyuma, akashusha pumzi. "Ya damu. Afadhali. Tunayo dawa yake hapa." Akamwita muuguzi.

Mkwe wangu hakuitazama pakiti. Alinitazama mimi. Sijapata kutazamwa hivyo hata na watu niliowakosea kwa makusudi. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane, ingekuwa rahisi. Nikasema, "Na mavi sikuwa naokota. Ningeokota ningeona jana."

"Mama," akasema, na sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, ndiyo iliyoniua. "Asante kwa kusema. Sasa naomba usinisemeshe."

Alimshika mtoto mikono kwa sindano ya kwanza. Mimi nilitoka nje.

Walimlaza siku tatu, wakimtoa damu kila asubuhi. Mkwe wangu alilala naye kitandani. Mimi nilikuwa naleta chakula, nakiacha kwa muuguzi, nakaa kwenye benchi la korido. Mwanangu alipiga simu kutoka mbali, akaniuliza swali moja tu, "Kweli, mama?" Nikasema kweli. Akakata. Bwana Futi alimpeleka Komando kwa daktari wa mifugo, naye akachomwa sindano ya aina ile ile, na kila asubuhi na jioni mzee wa watu alimtembeza, akaokota kwa mkono wake. Alikuwa akija kwenye benchi kuniletea taarifa. Jumamosi kijani. Jumapili kijani kidogo. Sikuwa na nguvu ya kumkejeli. Nilikuwa namuuliza mwenyewe, "Na leo je?"

Jumatatu saa nne mkwe wangu akatoka wodini. Ilikuwa mara ya kwanza ananijia tangu Ijumaa. Macho yamevimba, nywele hazijachanwa. Akasimama mbele yangu, nami nikasimama, maana sikujua kama nina ruhusa ya kukaa.

"Damu yake inaganda sawasawa," akasema. "Daktari anasema ataendelea na vidonge nyumbani wiki kadhaa, na vipimo. Amepona, mama."

Nilimshika mkono, nikaanza kulia kwa sauti, watu wa korido wakageuka. Aliuacha mkono wake nikaushika, lakini haukunishika.

"Mtoto amepona," akasema tena, polepole. "Wewe na mimi bado. Sijui itachukua muda gani. Sitaki unisukume."

"Sitakusukuma, mwanangu."

"Na leo usiku atalala chumbani kwangu."

Alikuwa analala na mimi, tangu siku niliyofika. Alikuwa akinishika sikio mpaka usingizi umchukue. Nikasema sawa. Nikamwuliza kama nimbebee begi la mtoto mpaka kwenye gari. Akafikiri, halafu akanipa.