Mkono Uliomlisha Anastasia

Jumamosi bomu lilipolipuka, Anastasia alikuwa amekumbatia vitambaa vya meza vilivyotoka kupigwa pasi, anavipeleka barazani. Alikuwa dobi katika Hoteli ya Mkunguni, hoteli ya ufukweni kaskazini mwa Dar es Salaam, na kila asubuhi alipanda basi kutoka chumba chake cha kupanga Kinondoni. Wazungu walikuja pale kuota jua. Miaka ile ya mwanzo wa sabini walikuja pia wapigania uhuru wa nchi za kusini, wakafanya vikao vyao na kunywa chai wakitazama bahari. Watu wale walikuwa na maadui, na maadui walijua wanapopenda kukaa.

Alipofika kwenye mlango wa baraza alisimama kidogo. Mbele yake mgeni mmoja mwenye kofia ya ukili alikuwa akimkabidhi Jamali, mhudumu wa meza, mfuko wa turubai wa buluu.

"Muwekee mwenzangu pale, meza ya pembeni," mgeni alisema. "Anakuja sasa hivi."

Jamali aliupokea kama mhudumu yeyote apokeavyo mzigo wa mgeni, akausukumia chini ya meza, akaenda jikoni kufuata chai. Mgeni naye akateremka ngazi, akaingia kwenye teksi.

Wapigania uhuru wawili walikuwa wameshaketi kwenye meza hiyo. Gaudens, mhudumu mwingine, kijana wa Songea asiyeishiwa mzaha, alikuja kumpokea Anastasia vitambaa. "Lete, dada. Ukiendelea kuvikumbatia hivyo utavikunja, kesho utulaumu sie." Alikuwa amesimama kati yake na meza ile. Anastasia alicheka, akanyoosha mikono, na hapo hapo baraza lote likapasuka.

Gaudens hakuinuka tena. Wale wawili wa mezani nao walikufa pale pale. Anastasia aliokotwa kwenye vioo, uso umejaa damu, na katika gari la wagonjwa hakunyamaza hata mara moja. Akili yake haikuwapo, lakini mdomo ulisema. Alipopata fahamu sawasawa alikuwa kitandani hospitalini, macho yote mawili yamefungwa bandeji, na daktari alimwambia lazima asubiri. Huenda ataona, huenda hataona.

Kungoja gizani ni kazi ngumu, na aliye peke yake huiona ngumu mara mbili. Ndugu zake wote walikuwa Masasi. Wagonjwa wenzake waliletewa chakula na jamaa zao, yeye akasikia harufu tu na milio ya vijiko. Aliletewa uji wa hospitali, akapapasa bakuli, nusu ukamwagikia kifuani. Akaona aibu, akauacha.

Ndipo mkono mmoja ukamfuta kifua kwa ncha ya kanga.

"Pole, dada," sauti ya mwanamke ilisema. "Ngoja nikulishe. Mie nimeleta wali na kisamvu, si kingi, lakini kina nazi."

"Umekuja kumtazama nani?"

"Nilikuja kuwatazama majeruhi wa hoteli. Nikaona wewe huna mtu."

Alijitaja kwa jina la mwanawe, Mama Zena, wa Temeke. Tangu siku ile hakukosa kuja. Alimlisha taratibu, hamharakishi. Alimsuka nywele upande usiokuwa na majeraha. Alimsimulia mambo ya mtaani kwake: balozi wa nyumba kumi aliyegombana na mbuzi wake mwenyewe, foleni ya sukari, darasa la ngumbaru ambako bibi wa makamo aliandika jina lake kwa mara ya kwanza akakataa kulifuta ubaoni. Anastasia alicheka hadi nyuzi za shavuni zikamuuma. Kuna wakati alisahau kwamba haoni. Lakini jambo moja lilimshangaza: akiuliza habari za mume, Mama Zena hujibu, "Yupo, dada, Mungu anamtazama," kisha hugeuzia maneno kwingine.

Asubuhi moja inspekta wa polisi, Ndugu Kamugisha, aliketi kando ya kitanda. Alikuwa mtu wa sauti ya chini yenye lafudhi ya Bukoba.

"Tumemshika mhudumu Jamali," alisema. "Watu wamemwona akiweka mfuko ule chini ya meza. Yeye anadai alipewa na mgeni. Wote waliokuwa karibu wamekufa, isipokuwa wewe."

Anastasia aliinua kichwa kwenye mto. "Anasema kweli. Nilisimama mlangoni, nikaona na kusikia." Akamweleza yote: kofia ya ukili, maneno ya mgeni, teksi.

Kalamu ya inspekta ilikwaruza, kisha ikatulia. "Huyu anayekulisha kila siku ni nani?"

"Mama Zena. Rafiki yangu."

"Jina lake Mwajabu. Ni mke wa Jamali. Hukujua?"

Anastasia alitikisa kichwa.

"Basi unaona shida yangu," inspekta alisema bila ukali. "Nikipeleka maelezo haya, nitaulizwa kama umenunuliwa kwa wali."

Mchana Mwajabu alipokuja na kuanza kufungua bakuli, Anastasia aliushika mkono wake, akauzuia.

"Mbona hukuniambia?"

Mwajabu alielewa mara moja. Aliliweka bakuli chini. "Nilikuja siku ya kwanza kutafuta mtu wa kunieleza mume wangu kafanya nini," alisema. "Nikakukuta umejimwagia uji. Nitakuulizaje wewe, na macho yako yale? Halafu nikawaza, nikikwambia mie ni nani, kila tonge nitakalokupa utaliona lina deni. Nikanyamaza. Na hata sasa sikuulizi kitu, dada. Ukiwa uliona jambo baya, liseme vile vile."

"Niliona jambo zuri," Anastasia alisema. "Nimeshalisema, na hawataki kuniamini."

Akamweleza. Mwajabu alilia kwa sauti ndogo, kama anayeogopa kuwasumbua wagonjwa.

Kwenye kitanda cha jirani, muuguzi Yustina alikuwa akibadilisha shuka. Alisimama, shuka mkononi.

"Mfuko wa buluu na mtu wa kofia ya ukili?" aliuliza. "Hayo uliyasema siku ulipoletwa. Mimi ndiye niliyekupokea. Ulirudia rudia kwamba mgeni kampa Jamali mfuko kisha kaondoka na teksi. Tulidhani unaweweseka."

"Siku ile mie nilikuwa sijajua hata kama kuna bomu," Mwajabu alisema.

Yustina hakungoja kumaliza zamu. Alimwomba mwenzake amshikie wodi, akaenda mwenyewe kutoa maelezo. Safari hii inspekta alikuwa na kitu cha kushika. Aliwasaka madereva wa teksi, mpaka akampata aliyempakia mtu wa kofia ya ukili, akamshusha karibu na uwanja wa ndege, kule Kiwalani. Mtu mwenyewe hakupatikana, alikuwa ameshavuka mipaka. Lakini Jamali aliachiwa.

Siku daktari alipofungua bandeji, jicho la kushoto lilibaki giza. La kulia likaona ukungu, kisha dirisha, kisha mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye chale ndogo mbili kwenye paji la uso. Anastasia alikuwa amemdhania jimama.

"Ndiwe wewe?" aliuliza.

"Ndio miye. Umeona nilivyo mbaya?"

Anastasia alimvuta, akamkumbatia. Alimshukuru Mungu kwa jicho moja kwa moyo ambao hakuwahi kumshukuru nao kwa mawili.

Jamali hakurudi hotelini. Hakutaka tena kupokea mzigo wa mgeni yeyote. Alijiunga na ushirika wa maseremala huko Temeke, akawa anapiga randa kutwa nzima, hasemi na mtu. Alimsalimu Anastasia kwa heshima kila alipowatembelea, lakini hakumtazama usoni.

Mwezi wa Novemba, siku Wakatoliki wanapowaombea marehemu, Anastasia aliwaambia anakwenda kulitazama kaburi la Gaudens, makaburini Kinondoni. Mwajabu alisema watakwenda wote. Jamali alivaa kanzu, akawafuata nyuma.

Walipalilia, wakasimika msalaba uliokuwa umeinama. Anastasia alisali rozari yake. Alipomaliza, Jamali alikuwa bado amechuchumaa.

"Niliubeba kwa mikono hii," alisema. "Nikauweka mwenyewe. Nikaenda zangu kufuata chai."

"Uliubeba, hukuutega," Anastasia alimjibu. "Nilikuona, Jamali. Na huyu alisimama mbele yangu bila kujua, ndiyo maana mie nipo. Siwezi kumlipa. Mkeo naye siwezi kumlipa. Nimeacha kutafuta namna ya kulipa, nashukuru tu. Nawe shukuru, kaka yangu. Umerudi nyumbani."

Jamali aliinua uso, akamtazama, jicho lililopona na lile lililokufa. Kisha akafungua viganja, na pale kando ya msalaba akaanza kumwombea Gaudens dua. Wanawake wawili wakaitikia, mmoja amina, mwingine amin.